Newala, Mtwara, Dar: kilomita 400 za angani na mama yangu

Safari ilikuwa Oktoba. Nimechelewa kuandika sababu nilikuwa na mgonjwa ndani, ila watu wengi hapa Mbagala wenye wazee wao kule kusini wamekuwa wakiniuliza: ndege ya Mtwara inachukua muda gani, bei gani, na mzee asiyeweza kupanda ngazi anafanyaje. Nimeona niyaweke yote mahali pamoja. Nimeyatoa kwenye notsi za simu na kwenye picha, maana picha zina saa, na saa ndiyo iliyonisaidia kukumbuka mengi.

Kisa ni mama. Anakaa Newala, nyonga ya kulia inamsumbua mwaka wa pili sasa, kukaa kitako zaidi ya nusu saa ni mateso, na alishapangiwa kliniki Dar. Kaka alishauri tumpandishe basi tumkatie siti mbili alale. Mimi nikakataa, basi la Mtwara Dar ni masaa kumi na kitu na hapo hujahesabu Newala mpaka Mtwara, nikasema naenda kumchukua mwenyewe, kushuka nashuka na basi ili kupunguza gharama, kurudi tunarudi wote na ndege. Kaka akasema hela hiyo nyingi. Ni nyingi kweli. Tulichanga watoto wanne.

Siku ya kwanza, Jumanne: Mbagala kwenda Mtwara

Basi la saa 12 asubuhi, nauli 38,000, nilikata Rangi Tatu siku mbili kabla. Tuliondoka saa 12 na dakika 25. Mkuranga na Kimanzichana sikuviona, nililala, nikaja kuamka Kibiti watu wanapitisha korosho za kukaanga dirishani.

Pale daraja la Mkapa, juu ya mto Rufiji, huwa silali. Lina urefu wa mita 970, lilifunguliwa 2003, na basi linalivuka hata dakika moja na nusu haifiki. Kabla ya hapo ilikuwa ni kivuko cha Ndundu, na kwetu nyumbani Ndundu tumekua tukiisikia kama hadithi. Masika moja miaka ya tisini mama alikwama pale siku tatu, mimi nipo mgongoni mchanga nina homa, mto umejaa kivuko hakivuki, malori yamepanga mstari mpaka huishii kuyahesabu, hela ya njiani imeisha. Mama mmoja wa Kindengereko, hata jina lake hatulijui mpaka leo, alimchukua akamlaza kwake, akanipa uji na akamfunika mama kanga yake. Mama kila akisikia jina Rufiji anasema hivi hivi, "Mto ule uliniweka." Haongezi neno.

Kwa hiyo nikivuka napiga picha. Ninazo nyingi za daraja lile, zote zimetikisika.

Somanga tulisimama, nikanunua samaki wa kukaanga wa 3,000 na muhogo, moto kabisa. Nangurukuru ndipo dereva alipotoa dakika ishirini za chakula, wali samaki 5,000, ila kama umekula Somanga huna haja. Dada mmoja tuliyekaa naye siti moja, anashuka Mchinga, alinimegea ming'oko iliyochemshwa kwenye mfuko. Miaka mingi sijala ming'oko! Kwa asiyeijua, ni mizizi ya porini myembamba, inachemshwa na chumvi, unamenya ganda unakula, ladha yake iko kati ya kiazi na muhogo lakini siyo kimojawapo. Dar ukiipata ni bahati.

Kwa wanaopanga kupita barabarani: kiangazi njia ni lami mwanzo mwisho na haina shida, ila masika ulizia kwanza. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga, watu wakalala njiani. Ukiwa na mgonjwa usiondoke bila kupiga simu kwa mtu aliyetoka huko siku hiyo.

Lindi, Mnazi Mmoja, Mikindani na bahari yake kushoto, Mtwara stendi ya Mkanaledi saa 10 na dakika 50 jioni. Masaa kumi na dakika 25 kwa kilomita kama 560. Miguu ilivimba, na mimi nyonga zangu nzima. Nikawaza ningekuwa na mama.

Nililala kwa mjomba, kule Chikongola. Shangazi, yaani mke wa mjomba, sisi tunamwita shangazi, alipika kisamvu cha korosho na wali wa nazi. Nilikula nikanyamaza.

Siku ya pili, Jumatano: uwanja wa ndege, halafu Newala

Asubuhi nikachukua bodaboda mpaka uwanja wa ndege, 3,000, siyo mbali na mjini. Tiketi nilishanunua Dar wiki tatu kabla, 214,000 kila mmoja, na binamu yangu alipoangalia safari ile ile wiki ya mwisho ilishafika 290,000, kwa hiyo ukishajua tarehe usisubiri. Nilichofuata pale ni habari ya ngazi.

Dada wa kaunta alinisikiliza vizuri sana. Akaniambia kiti cha magurudumu ni bure, lakini kiombwe mapema na kiandikwe kwenye tiketi, siyo ufike nacho kichwani siku ya safari. Akaandika pale pale. Halafu akanitoa mpaka kwenye kioo akanionyesha sehemu ndege inaposimama, akasema abiria wanatembea mpaka kwenye ndege, na ndege za mapangaboi, zile za propela, ngazi zake ni fupi, kama vidaraja sita hivi, tofauti na zile ngazi ndefu za jeti. "Mama yako tutambeba, dada, usiwe na wasiwasi, tunabeba wazee kila wiki." Nilitoka pale nimepumua.

Uwanja umebadilika. Njia ya kurukia imeongezwa kutoka mita 2,258 mpaka 2,800, na usiku taa zipo, anayeukumbuka uwanja ule wa zamani atashangaa.

Hapa niseme jambo moja la tiketi, maana limewagharimu watu. Tiketi inaandikwa saa za kizungu. Yetu iliandikwa 14:20, hiyo ni saa 8 na dakika 20 mchana. Jirani yetu mmoja Newala tiketi yake iliandikwa 07:25, yeye akaisoma saa saba, akafika uwanjani saa 6 mchana anajiona kawahi, ndege imeondoka tangu saa 1 asubuhi. Hela haikurudi. Ukimkatia mzee tiketi mwandikie saa ya Kiswahili kwenye karatasi ya pembeni, na muandikie "asubuhi" au "mchana".

Saa 6 nikapanda kosta ya Newala, 9,000. Lami inakwenda mpaka Mnivata, baada ya hapo ni ujenzi, mnashuka kwenye michepuko mnapanda tena, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Tandahimba tulikaa muda mrefu, kisa gunia la mtu lililoanguka. Newala niliingia magharibi, baridi imeshaanza, ule ubaridi wa juu huko ambao mtu wa Mbagala anausahau kabisa.

Mama alikuwa amekaa mkekani kwa ubavu, mguu ameunyoosha. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umefika na mguu wako?" Nikacheka nikalia kidogo.

Siku ya tatu, Alhamisi: Newala

Kazi ilikuwa mizigo. Ndege inaruhusu kilo 23 kila mtu kwenye begi la chini, na mama alishafunga: korosho, unga wa muhogo, choroko, ming'oko mikavu, kinu kidogo cha mpingo, na kisu chake cha kukatia mboga ambacho hawezi kupika bila hicho. Mizani tukaazima kwa jirani, ile ya kupimia korosho kabla hujapeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Begi la kwanza kilo 31! Tukaanza kutoa, mama anatoa kimoja kimoja, kila kitu kina mwenyewe Dar, hii ya mjukuu, hii ya shemeji. Mwisho tukakubaliana gunia la korosho na choroko liende kwa basi kama kifurushi, 12,000 kutoka Mtwara mpaka Mbagala, na ndivyo ningeshauri mtu yeyote, mzigo mzito mpe basi, ndege ukizidisha kilo unalipia kila kilo.

Jioni kaka mkubwa alitupeleka na gari ya rafiki yake mpaka Shimo la Mungu, mama alitaka. Ni pale tambarare ya Makonde inapokatika ghafla, chini bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo Msumbiji. Mama ana dada yake ng'ambo, upande wa Mueda. Walikuwa wanatembeana kwa miguu walipokuwa wasichana. Alikaa ndani ya gari mlango wazi akaangalia kule muda mrefu.

Ndipo aliponiuliza, "Hiyo ndege inapita Rufiji?"

Nikamwambia inapita, lazima ipite, Rufiji iko katikati.

"Inasimama?"

"Haisimami mama, inapita juu."

Akanyamaza. Halafu, "Utaniambia tukifika."

Siku ya nne, Ijumaa: Newala kwenda Mtwara

Kijana mmoja wa mtaa wa pili alikuwa anashuka Mtwara na Noah yake tupu kwenda kuchukua vifaa. Aliposikia habari za mama akakunja siti za nyuma akatandika godoro. Bei ya kukodi gari nzima niliyoambiwa na wengine ilikuwa 180,000, yeye alikubali 60,000 ya mafuta tu. Alisimama kila nusu saa mama anyooke, hakulalamika hata mara moja, na kwenye michepuko alikuwa anakwenda kama amebeba mayai. Masaa matano. Tulilala kwa mjomba.

Siku ya tano, Jumamosi: Mtwara kwenda Dar

Saa 6 mchana tupo uwanjani. Kiti cha magurudumu kilishaandaliwa, kijana anayekisukuma akamsalimia mama kwa heshima zote. Kwenye mashine ya ukaguzi begi la mkononi likarudishwa, kumbe mama alikihamisha kile kisu usiku, alitaka kiwe karibu naye. Nikaogopa kitatupwa. Askari, mama wa makamo, akakiangalia akamwangalia mama, akasema, "Hiki ni cha siku nyingi," akaniruhusu nirudi kaunta kikaingizwa kwenye begi la chini kabla halijaondoka. Angeweza kukichukua, utaratibu unamruhusu. Asante sana mama yule popote ulipo. Wengine wekeni visu, mikasi, na nyembe chini tangu nyumbani.

Halafu ikatangazwa ndege imechelewa. Kwanza dakika 40, halafu saa moja, halafu hawakusema tena. Mama hawezi kukaa, na viti vya pale vina mikono huwezi kulala. Hapo ndipo nilipoona watu. Vijana wawili wanaofanya kazi za gesi walisimama wakakusanya mabegi yao laini na jaketi, wakamtengenezea mama kitanda sakafuni pembeni ya ukuta, msichana mmoja akavua mtandio akauweka chini ya kichwa. Mama akalala kwa ubavu, akashukuru kwa Kimakonde, na mmoja wa wale vijana akamjibu kwa Kimakonde, kumbe ni wa Kitangari, kule kule Newala.

Jirani yangu wa benchi alikuwa mzee mstaafu wa mambo ya hali ya hewa. Nilimuuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi na mimi nilikuwa silijui jibu lake sawasawa: kwa nini tiketi inasema saa moja na wengine wanasema dakika 45, na umbali wenyewe ni kiasi gani hasa? Akaomba kalamu, akachora nyuma ya risiti yangu ya bodaboda, ninayo mpaka sasa.

Mtwara iko digrii 10 na dakika 20 kusini mwa ikweta, uwanja wa Dar digrii 6 na dakika 52. Tofauti ni digrii tatu na nusu kasoro kidogo, na kila digrii ya kwenda kaskazini ni kama kilomita 111, hapo una 385. Lakini Mtwara imesogea pia mashariki kuliko Dar, karibu digrii nzima, hiyo ni kama kilomita 108. Unachora pembe mraba, unatafuta ule upande mrefu, unapata kilomita 400. Kwa maili za baharini wanazotumia marubani ni 216. "Basi lako lilikwenda 560," akasema, "hizo 160 zilizozidi ni kona za barabara, inaingia bara kukwepa delta ya Rufiji, inarudi tena pwani."

Muda nao akanifafanulia. Mapangaboi kama hizi zinakimbia kati ya kilomita 500 na 660 kwa saa, inategemea aina. Kwa 660 kilomita 400 ni dakika 36, kwa 500 ni dakika 48. Ila ndege hairuki ikiwa kwenye mwendo huo, inapanda taratibu, inashuka taratibu, na Dar kukiwa na ndege nyingi inazungushwa kusubiri zamu. Na saa inayoandikwa kwenye tiketi haihesabu hewani peke yake, inahesabu tangu ndege inapoanza kusogea pale ilipoegeshwa mpaka inaposimama kule na vigingi kuwekwa magurudumuni. Ndiyo maana tiketi inasema kama saa moja, na aliyetazama saa akiwa hewani anakwambia dakika 45 au 50. Wote wako sawa.

Halafu akaniambia kitu ambacho sijaacha kukifikiria. Kutoka pale tulipokaa, Pemba ya Msumbiji ni chini kidogo ya kilomita 300 kwa mstari wa moja kwa moja. Moroni, Ngazija, ni kama 360. Yaani ukiwa Mtwara mji mkuu wa Komoro uko karibu kuliko Dar es Salaam. Mama pale sakafuni kumbe anasikiliza, akasema, "Sisi tunajua hilo. Ndugu zetu wako huko."

Ndege ikatua saa 10 na nusu. Mama alibebwa kama dada wa kaunta alivyoahidi, vijana wawili wa uwanja kwenye kiti chembamba chenye mikanda, vidaraja vile vidogo wakapanda kwa hatua moja moja wanahesabu, mama ameshika mkanda macho ameyafumba. Siti yetu ya mbele, niliomba, na upande wa kushoto, dirishani yeye.

Kuhusu upande: ukitoka Mtwara kwenda Dar kaa kushoto. Njia ya moja kwa moja inapita juu ya bahari, pwani inakuwa kushoto kwako, Lindi, Kilwa, visiwa vya Songosongo, halafu delta. Kulia ni bahari tupu mpaka karibu na mwisho unapokutana na Mafia. Jua la jioni linakupiga usoni, ila linastahili.

Magurudumu yaliacha ardhi saa 11 na dakika 12. Tuliruka kuelekea kusini, mama akashtuka, "Mbona tunarudi Ruvuma?" Yule mzee, siti ya nyuma yetu, akainama akamwambia ndege inaruka kuukabili upepo, na upepo leo unatoka kusini, dada yangu, sasa hivi itageuka. Ikageuka. Bahari ikajaa dirishani.

Mama alikuwa ameegemea kwa ubavu, siti ya mbele ilikuwa na nafasi ya kunyoosha mguu, na mhudumu alimletea mto mdogo wa pili bila kuombwa. Walipita na juisi na korosho. Mama akazionja korosho akasema zimeiva kupita kiasi.

Lindi tuliiona kwa mbali, ghuba yake. Kilwa nilidhani ni kisiwa kimoja kumbe ni vingi. Mimi naangalia saa, natafuta kwenye ramani ya simu, naogopa kupitiliza. Saa 11 na dakika 46 nikamgusa bega.

Sikujua itakuwa vile. Nilitegemea mto, mstari mmoja. Ilikuwa mito, mingi, imegawanyika kama vidole na kila kidole kimegawanyika tena, mikoko kijani kibichi katikati, jua linashuka upande ule na maji yote yanang'aa kama bati jipya. Hakuna daraja linaloonekana, hakuna barabara. Delta nzima, na sisi juu yake.

Mama aliweka kiganja kwenye kioo. Hakusema kitu mpaka delta ilipoanza kuisha. Halafu akaniuliza, "Ndundu ni wapi hapo?"

Nikamwonyesha upande wa juu wa mto, bara zaidi, kule kwenye ukungu wa jua. Hapaonekani, nikamwambia, ila ni kule.

"Yule mama atakuwa ameshakufa," akasema. "Alikuwa mkubwa kwangu."

Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka taa za mikanda zikawaka.

Tulitua saa 12 kamili. Dakika 48 hewani, na tangu kuanza kusogea Mtwara mpaka kusimama Dar saa moja na dakika moja, sawa na yule mzee alivyochora. Kiti cha magurudumu kilikuwa chini ya ndege kinasubiri. Kisu kilikuwa kwenye begi.

Teksi mpaka Mbagala 25,000, tukapita Jet na Buza, foleni ya Jumamosi, saa nzima na dakika 35. Ndiyo, zaidi ya ile ya angani, na mama aliumia kwenye yale matuta ya Buza kuliko alivyoumia siku nzima. Mwenye mgonjwa wa mifupa apange gari ya chini yenye siti ya kulala, mimi nilichukua ya kwanza niliyoiona.

Jumla ya gharama za mama peke yake kutoka Newala mpaka Mbagala, ndege, Noah, teksi, na kifurushi, ni 311,000. Kwa basi na siti mbili isingefika hata 150,000. Nimeandika zote mbili kila mtu apime na hali ya mzee wake.

Siku ya sita, Jumapili: Mbagala

Gunia la korosho lilifika jioni, nikalifuata Rangi Tatu. Nimerudi nimemkuta mama kalala ubavu sebuleni, simu sikioni, anaongea na shangazi yetu wa Newala kwa sauti ya watu wa juu, ile ya kuitana bonde kwa bonde. Kimakonde chake kinakwenda mbio sikishiki chote, ila Rufiji nilisikia, na nilimsikia akikata maneno kwa Kiswahili: "Siyo mto mmoja. Ni mingi. Ndiyo maana ulituweka."

Alipokata simu akaniita. Kliniki ni Alhamisi, na baada ya hapo daktari ndiye atakayesema lini anarudi. Yeye alikuwa na ombi moja tu kuhusu kurudi, apewe tena upande wa mto.

Kutoka Dar kwenda Mtwara upande wa mto ni kulia. Nimeshaandika kwenye notsi.